Ngumi Juu

Halake akiinua ngumi, jenereta huzimwa.
Msumeno hukata pumzi. Umati nyuma ya utepe,
hata muuza mayai, hata polisi na redio zao,
wote hufunga midomo.
Kiamaiko nzima huwa sikio.
Hapo ndipo ninapolala kifudifudi juu ya zege,
shavu kwenye vumbi, na kuita:
Kuna mtu huko ndani?
Ukinisikia, gonga mara tatu.

Ghorofa sita zilikuwa zimelaliana kama chapati kwenye sahani.
Siku nne. Tuliwatoa kumi na mmoja wakiwa hai,
na gazeti likaandika kumi na mmoja.
Mimi humhesabu wa kumi na mbili,
aliyegonga mara tatu Jumanne alfajiri,
akagonga mara mbili saa nne,
kisha

na mpaka leo nimelala palepale
namngojea amalize.

Nyumbani, Umoja, kimya kilinishinda.
Redio ilikesha. Mfereji wa jikoni niliuacha ukidondoka
hadi mwenye nyumba akanipandishia bili.
Kageha akigonga kijiko mezani akitaka uji
nilimfokea, mtoto wa miaka mitatu,
nikajifungia bafuni, nikafungua maji
nisijisikie.
Mume wangu akasema, kazi ni kazi, utazoea.
Na nilizoea kweli:
kulala na buti, kula nimesimama,
kucheka kuliko kichekesho chenyewe.
"Niko sawa" ikawa kama chafya,
hutoka kabla hujaulizwa.

Alhamisi wakatuita chumba cha nyuma ya stoo, South B.
Viti saba vya plastiki, chupa ya chai ya tangawizi,
harufu ya mipira ya maji isiyokauka.
Bi. Jerotich hakuja na maneno ya vitabuni.
Aliuliza tu: nani alilala jana usiku?
Shikuku akasema yeye alilala.
Baadaye akasema si kweli.

Wiki ya kwanza tulizungumza mpira.
Wiki ya pili, marupurupu ambayo hatujaona tangu Februari,
na zamu za usiku tano mfululizo.
Nikadhani atatukemea turudi kwenye mada.
"Hiyo ndiyo mada," akasema, akachukua kalamu,
na barua ile ilifika kwa mkubwa ikiwa na sahihi zetu saba.

Wiki ya tatu Shikuku,
aliyebeba miili ya watu bila kupepesa jicho,
alianza kusimulia kiatu cha mtoto, cha kushoto,
akakwama.
Tukakimbilia kuziba ufa kama desturi yetu:
huyu akakohoa, yule akashika chupa ya chai,
mimi nikatafuta utani.
Halake akainua ngumi.

Tukanyamaza.
Kimya kilekile cha Kiamaiko,
ila tuliyemsikiliza alikuwa ameketi mbele yetu,
soksi zimetoboka, mikono mapajani.
Nje lori la takataka lilirudi nyuma likilia.
Hatukumwambia jikaze.
Hatukumwambia wewe ni mwanaume.
Tulingoja tu, kama tunavyojua kungoja
penye dalili ya pumzi.
Ilichukua muda mrefu.
Kisha kutoka chini kabisa, chini ya zege lake,
Shikuku akagonga.

Sitakudanganya kwamba nimepona.
Zamu sasa ni usiku mbili, wa tatu ni wa kitanda chako.
Kabla ya kwenda nyumbani twaketi dakika ishirini,
hata kama hakuna la kusema, hata kama ni saa tisa usiku.
Wa kumi na mbili bado yuko.
Nimewaambia wenzangu jina ninalomwita.
Sasa tunamngoja saba.

Na jana jioni Kageha akashika kijiko.
Moyo ukaruka. Nikainua ngumi,
naye akaduwaa, akainua yake, ndogo kama ndimu.
Tukasikiliza: jirani akikaanga vitunguu,
mfereji uliofungwa.
Gonga, nikamwambia.
Akagonga moja. Mbili.
Akanitazama.
Tatu,
na uji ukamwagika mpaka kwenye buti.